Ile filme ya Power Rangers: tuache watoto waangalie, ao tuzime?

 

Mwezi huu, mu mazungumuzo yetu ya jamaa, tutasema juu ya filme ya watoto. Filme ya ngumi na mateke. Ninajua wengine watauliza: "Pastere, unga unapanda bei, mushahara unachelewa, na wewe unatuletea mambo ya filme?" Ngoja kidogo. Ile filme iligawanya wazazi na walimu mu inchi nyingi. Kuko inchi ilisimamishwa ku televizyo. Kuko mahali mutoto alikufa, na watu wakaitupia filme kosa. Na swali waliloulizana kule ndilo mama mumoja anajiuliza leo hapa kwetu, wakati mutoto wa miaka 6 anaruka kutoka ku kitanda, anapiga mudogo wake teke ya tumbo, kisha anasema: "Ni muchezo tu, Mama."

Filme gani hiyo?

Jina lake ni Mighty Morphin Power Rangers. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 28 mwezi wa 8, mwaka wa 1993. Ni habari ya vijana watano wa masomo, mu muji wa kutungwa wenye kuitwa Angel Grove. Muchawi mumoja, Rita Repulsa, anatoka mu kifungo chake na anataka kutawala dunia. Mwenye hekima mumoja, Zordon, anaita wale vijana na kuwapa nguvu. Wakati hatari inafika, wanavaa nguo za rangi na kofia zenye kufunika uso wote: mwekundu, mweusi, wa buluu, wa manjano, wa rose. Wanapigana kwa karate na kung-fu. Zimwi likikuwa kubwa kupita nyumba, na wao wanaita mashine zao kubwa zenye sura ya wanyama wa zamani sana, wanaziunganisha, na zinakuwa jitu moja la chuma. Zimwi linaanguka. Vijana wanarudia ku masomo. Karibu kila mara ni vile.

Pengine uliiona zamani ku kaseti ya video. Pengine watoto wako wanaiangalia leo ku simu ya yaya yao, juu mutu aliiweka mule ndani bila kukuuliza. Toka 1993 mpaka 2023 waliendelea kutengeneza filme zenye jina hilo, miaka 30. Basi kuko baba na mama wenye waliipenda wakiwa watoto, na leo wanabishana kama watoto wao waiangalie.

Wengi hawajue kama nusu ya ile filme haikutoka Marekani. Ilitoka Japani. Wajapani walianza filme za vikosi vya watu wa rangi tano mu 1975. Mutu mumoja wa biashara, Haim Saban, mwenye kuzaliwa Misri, aliona filme za namna hiyo wakati alikuwa Japani mu miaka ya 1980. Alizunguka nazo kwa wakubwa wa televizyo za Marekani miaka mingi, wakamukatalia. Mwisho mama mumoja, Margaret Loesch, mwenye kusimamia filme za watoto ku televizyo ya Fox, akaikubali.

Walifanya namna gani? Walichukua mapigano ya filme ya Japani, mahali watu wamefunika uso, na kuyaunganisha na vipande vipya vya vijana wa Marekani wakiwa ku masomo na wakizungumuza. Juu uso umefunikwa, hakuna mwenye kujua kama mutu mwingine ndiye anaruka. Ile kazi haikukula feza nyingi. Hata yule wa manjano: Marekani ni dada, lakini mu mapigano yaliyotoka Japani ni mwanaume. Tukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Wenye kuipenda walisema nini?

Mbio filme ikakuwa ya kwanza kati ya filme za watoto kule Marekani. Kwa Noeli ya 1993 vitu vyake vya kuchezea vilikosekana mu magazini. Wazazi walizunguka muji muzima kuvitafuta.

Wazazi wenye kuikubali hawakukuwa wapumbafu. Walikuwa na sababu zao. Walisema: angalia masharti matatu ambayo Zordon aliwapa vijana. La kwanza, musitumie nguvu kwa faida yenu wenyewe. La pili, musikuze mapigano musipolazimishwa. La tatu, musijulishe watu ninyi ni nani. Walisema: hayo si mafundisho mabaya. Ni wangapi mu dunia wamepewa nguvu na wanajua kutoitumia kwa tumbo lao?

Walisema tena: watoto wanaona dada wawili wenye kupigana sawa na kaka zao, hawangoje kuokolewa. Wanaona kijana Billy, mwenye miwani na mwenye kupenda vitabu, hachekelewe, wenzake wanamuhitaji. Wanaona kama mutu mumoja peke yake anashindwa, lakini watano wakijiunga wanashinda. Na watoto walianza kujiandikisha ku masomo ya karate, mahali mwalimu anafundisha kwanza kuinama na kuheshimu, kisha ndipo anafundisha kupiga.

Wenye kuikataa walisema nini?

Wengine walihesabu. Shirika moja la Marekani lenye kupinga jeuri ku televizyo lilipata matendo ya jeuri kupita 200 kwa saa moja. Ni nyingi. Utasema: lakini hakuna damu, zimwi linapasuka tu sawa puto. Wenyewe walijibu: ndiyo hatari yenyewe. Mutoto anaona teke lisiloumiza. Anaona mutu anapigwa ku kichwa na anasimama. Nani atamufundisha kama kichwa cha mudogo wake hakiko vile?

Walisema tena: vijana wanasema maneno mazuri kwa dakika mbili, kisha wanapiga kwa dakika kumi. Mutoto atashika gani? Na kila tatizo linamalizika namna moja: kwa kupiga. Hakuna siku zimwi linaitwa, linakalishwa, linaulizwa: shida yako ni nini?

Kisha kuko neno la rangi. Mu kikosi cha kwanza, kijana mweusi, Walter Jones, alivaa nguo nyeusi. Dada mwenye asili ya Vietnam, Thuy Trang, alivaa nguo ya manjano. Watu wengi walichukizwa: kila mutu kupewa rangi ambayo wabaguzi wanamutukania? Wengine wakajibu: hata vile, mutoto mweusi wa Marekani aliona kwa mara ya kwanza mutu wa sura yake akiokoa dunia ku televizyo yake, na alifurahi. Unaona? Wote wawili wanasema juu ya kijana mumoja, juu ya nguo moja. Hakuna mwenye kusema bongo.

Walimu na wachunguzi

Mu 1995 walimu wa watoto wadogo kupita 200 waliulizwa kule Marekani juu ya filme hiyo. Karibu wote walisema ina wahangaisha: watoto wanarukiana ku kiwanja, na ukiwakemea wanajibu kama wao ni Power Rangers, kwa hiyo wana ruhusa.

Mwaka ule ule, mwalimu mumoja wa chuo kikuu, Chris Boyatzis, na wenzake walitaka kujua kweli, si kwa kusikia tu. Walichukua watoto 52 wa masomo huko California. Wengine waliangalia filme, wengine hapana. Kisha waliwaacha wacheze na wakahesabu. Kwa kila tendo moja la jeuri la wasioangalia, wale walioangalia walifanya saba. Wavulana ndio walizidi.

Saba kwa moja si kidogo. Muzazi asiitupe ile hesabu kama karatasi ya sabuni. Lakini tuisome vizuri pia. Walihesabu wakati filme ilikuwa imetoka kumalizika, mutoto akiwa na moto bado. Haikuonyesha kama mutoto huyo atakuwa mutu wa kupiga watu akiwa na miaka 20. Ilionyesha kama mutoto anaiga mbio kile anachotoka kuona. Kwa mama mwenye watoto sita mu lupango moja, hilo peke yake ni habari kubwa.

Inchi zilizozima

Mu 1994, kule New Zealand, wazazi walipeleka malalamiko ku ofisi yenye kusimamia televizyo. Filme ikasimamishwa. Mu Kanada ikawa karibu vile: wazazi walilalamika, baraza la watu wa televizyo likasema filme inavunja sheria yao juu ya jeuri mu filme za watoto, na kituo cha watoto YTV kikaiondoa.

Lakini sikia mwisho wa habari ya New Zealand. Baadaye, ile filme ilianza kutengenezwa huko huko, ku muji wa Auckland. Watu wa inchi walipata kazi: wenye kushona nguo, wenye kujenga, wenye kuendesha magari, wenye kuruka mu mapigano. Na kwa miaka kazaa filme waliyoitengeneza kwa mikono yao ilikuwa haionyeshwe kwa watoto wao. Ilitumwa kwa watoto wa wengine.

Usicheke mbio, musomaji. Sisi watu wa miji ya migodi tunajua namna hiyo. Kile kinachotoka mu udongo wetu kinaenda mbali, na tunakiona kinarudi kikiwa kitu kingine kabisa. Mutu anaweza kukataa kitu mu nyumba yake na kuishi kwa mushahara wake. Si kila mara ni unafiki. Mara nyingine ni njaa. Lakini ni vizuri kulijua, ili tusiseme kwa kiburi juu ya wengine.

Mutoto wa Trondheim

Sasa tunafika ku neno lenye uzito. Mu mwezi wa 10 wa 1994, ku muji wa Trondheim, inchi ya Norvege, mutoto mwanamuke wa miaka 5 alikuwa anacheza inje na watoto wavulana wa umri karibu na wake. Alikufa mu teluji, na wakati ule ilisemwa kama wale wavulana ndio walimupiga na kumuacha pale.

Inchi nzima ililia. Na mara moja watu walitafuta mwenye kosa. Wengi walionyesha kidole televizyo. Kituo TV3, chenye kuonyeshwa Norvege, Swede na Danemark, kiliondoa Power Rangers. Kisha, wakati machozi yalipunguka kidogo, haikuonekana ushuhuda wa kuunganisha ile filme na kifo cha yule mutoto. Wale wavulana hawakupelekwa ku tribinali. Sheria ya inchi ile haihukumu watoto wa umri ule. Walishugulikiwa kama watoto wenye kuhitaji musaada.

Ninaandika habari hiyo polepole, juu kuko hatari mbili ndani yake. Hatari ya kwanza ni kusema: "Unaona, filme haina kosa, tuache tu." Hapana. Hesabu ya California ingali pale pale. Hatari ya pili ni kupata kisanduku cha kutupia kosa, kukizima, na kulala. Kama kosa lote liko ku televizyo, hakuna mukubwa mwenye kuulizwa: nani alikuwa karibu? Nani aliona wakati muchezo uligeuka? Watoto wa miaka 5 na 6 hawajue mahali kuumiza kunaishia na kufa kunaanzia. Hawajue, mwenye filme na asiye nayo. Sisi wakubwa ndio tunajua, na kujua kwetu kunasaidia tu kama tuko pale.

Wale waliovaa nguo za rangi

Nilisema tutarudilia ile habari ya uso wenye kufunikwa. Mu 1994, wakati filme ilikuwa inaleta mali nyingi sana kwa wenyewe, watatu kati ya wale vijana waliacha kazi: Austin St. John, Walter Jones na Thuy Trang. Walikuwa wanalipwa kidogo, na kazi ile ilifanywa inje ya mapatano ya sindika. Waliomba kontra nzuri zaidi, hawakuipata, wakaenda. Na juu mu mapigano uso haukuonekana, filme iliendelea bila wao. Ku televizyo watoto waliambiwa kama wale watatu wametumwa ku mukutano wa amani mu inchi ya Uswisi.

Wasomaji wetu wenye kufanya kazi chini ya udongo hawahitaji kufasiriwa neno hilo. Mutu mwenye kofia na nguo ya kazi, ambaye uso wake hauonekane, anaweza kubadilishwa asubui moja. Kama mutoto wako mukubwa wa miaka 14 anapenda ile filme, umuhadisie habari hii. Atasikia kama nyuma ya muchezo kuko watu wenye njaa na wenye haki zao. Ni somo ambalo Zordon hakufundisha.

Basi tufanye nini mu nyumba?

Watu wataniuliza: Pastere, wewe uko upande gani? Ninasema wazi. Kwa mutoto wa chini ya miaka 7, ninaona ni afazali kuiacha ngoja. Si juu filme ni ya shetani, lakini juu yeye hajatenganisha bado teke la filme na teke la kweli. Kwa wakubwa, ninaona si kazi ya kuzima tu. Unazima kwako, anaenda kuangalia kwa jirani, na kule hakuna mwenye kumuuliza kitu. Kwa hiyo ninapendekeza mambo machache ambayo hayaombe feza.

La kwanza: kaa naye uangalie moja, toka mwanzo mpaka mwisho. Ni dakika karibu 20. Baba wengi wanakataza filme wasiyoiona, na mutoto anajua. Neno la baba aliyeangalia lina uzito kupita.

La pili: ikiisha, umuulize. Walipigana juu ya nini? Kulikuwa namna ingine? Walishika yale masharti matatu? Na kama ni mudogo wako ndiye angepigwa lile teke, angesimama? Muache ajibu mwenyewe. Usigeuze mazungumuzo kuwa hotuba. Atakimbia, na mara ya pili hatakaa nawe.

La tatu: angalia ile nusu saa ya nyuma. Wachunguzi wa California walituonyesha kama ndiyo saa yenyewe. Watumie wakateke maji, ao wape mupira. Kama wanacheza kupigana, tazama nyuso zao. Kama wote wanacheka, na mwenye kuanguka leo ndiye mushindi kesho, ni muchezo. Lakini kama ni mumoja tu mwenye kuanguka kila mara, na halafu analia, hiyo si muchezo tena, hata wakiapa. Simamisha. Weka sharti la lupango: mutu akilia, muchezo umekwisha, na hakuna kubishana.

La ine ndilo gumu, na ni la sisi wakubwa. Filme inamufundisha mutoto kwa dakika 20. Sisi tunamufundisha siku nzima. Watoto wetu wengi wameona mapigano yasiyo ya filme: fimbo za kweli mu barabara, ngumi za kweli mu nyumba ya jirani, na mara nyingine mu nyumba yao. Kama baba anapiga mama juu ya chakula kuchelewa, Rita Repulsa hana kosa hapo. Nyumba ambamo wakubwa wanabishana kwa maneno na wanamaliza kwa maneno, mutoto anaona namna ya pili ya kumaliza tatizo, ile ambayo wenye kuikataa filme walisema inakosekana. Mahali pa kuitafuta ni kwako, mangaribi, wakati chakula kimechelewa na kila mutu amechoka.

Kama mu jamaa yenu hamupatane juu ya jambo hili, musigombane mbele ya watoto. Papa akisema "waangalie" na Mama akisema "wazime", watoto wataenda kila mara kwa mwenye kusema ndiyo, na mwingine atakuwa zimwi la nyumba. Jifungieni kwanza mu chumba, mupatane neno moja, kisha mutoke nalo wote wawili. Hata likiwa si neno ambalo mimi nilisema hapa, litawasaidia watoto kupita maneno mawili mazuri yenye kupingana.

Mubaki na amani. Mwezi ujao tukikutana, mutanihadisia namna ilivyokuwa kwenu.